Mzee Jack, Bwana Nath na mjumbe aliyekosekana: filme "Bobby" mbele ya desturi zetu za ndoa

Wasomaji wa vijitabu hivi wamezoea kukuta humu habari za ngoma, za matanga, za majina ya watoto na za miiko ya wavuvi. Mara hii tunawaletea filme ya Kihindi. Tunajua wazee fulani watauliza: filme ya Bahindi imeingia wapi katika desturi za Ituri? Tunawaomba uvumilivu kidogo. Kuna mambo ya nyumbani ambayo mtu hayaoni vizuri mpaka ayaone yameharibika katika nyumba ya mwingine. Sisi desturi yetu ya kuposa tuliielewa siku tulipoona namna baba wawili wa Bombay walivyoiharibu ya kwao.

Filme yenyewe ni "Bobby" ya Raj Kapoor. Ilianza kuonyeshwa India mwezi wa 9 mwaka 1973.

Kwanza tueleze namna filme kama hizo zilivyotufikia, juu ya kwetu hazikupitia njia moja na kwa jirani. Wakati wa Wabelgiji sinema ya Mwafrika ilikuwa mbali na sinema ya Mzungu, na filme za kumwonyesha Mwafrika zilichaguliwa kwanza na watu wa sensa. Wamisionari nao walitengeneza za kwao. Mapadre Weupe walikuwa na kituo chao cha Africa-Films upande wa Kivu. Huko Kasai, Padre Albert Van Haelst alitunga miaka ya 1950 zile filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili ambazo wazee wengi wa Kongo wanazikumbuka mpaka leo. Ilikuwa sinema ya kufundisha: usafi, kazi, dini, na kicheko kidogo ili dawa imezeke.

Ngambo ya ziwa mambo yalikuwa mengine. Kule Wahindi wenyewe walijenga nyumba za sinema, na filme za kwao zikafuata. Kampala ilikuwa na Norman Cinema, iliyojengwa na Norman Godinho, mtu wa asili ya Goa. (Jumba lile leo ni kanisa la Watoto, wenye kupita barabara ya Bombo wanalijua.) Zanzibar kulikuwa na Majestic. Watu wa pwani walizipenda filme hizo mpaka muziki wake ukaingia katika taarab: Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika sauti za nyimbo za Kihindi. Halafu mwezi wa 8 mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka. Mwaka uliofuata, tarehe 30 ya mwezi wa 11, ikawa zamu ya kwetu: Mobutu alitangaza zaïrianisation, na maduka na mashamba ya wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wabelgiji, yakapewa Wazaire. Hesabuni vizuri: "Bobby" ilikuwa na miezi miwili tu tangu kutoka. Filme ya tajiri na asiye na jina ilizaliwa wakati uleule ambapo huku kwetu mtu aliweza kulala karani na kuamka mwenye duka. Tutalirudia jambo hilo.

Basi kwa sisi wa Bunia filme za Kihindi zilikuja hasa na kaseti ya video. Zilitoka Kampala, zikapita Arua na Mahagi, au zikavuka ziwa mpaka Kasenyi pamoja na sabuni na baiskeli. Miaka ya 1990 sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari. Nyumba ya video ilikuwa chumba cha udongo, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, na jenereta inayolia nje. Uliingia kwa franga kidogo. Wasio nazo walichungulia kwa tundu. Kihindi hakuna aliyekisikia, kwa hiyo kijana mmoja alisimama kando na kutafsiri, au zaidi kusema ukweli, kutunga. Waganda walikuwa na watu wa namna hiyo, wanaowaita VJ. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, aliyepata sifa kubwa kwa kusimulia filme za kigeni katika Kiswahili. Wa kwetu hakuwa na sifa hiyo. Lakini alijua kitu kimoja: aliwapa wale Bahindi maneno ya Bunia. Bwana Nath alipofungua kinywa, alinena kama mwenye lori wa hapa mjini.

Hadithi tuieleze kwa ufupi kwa ajili ya vijana ambao hawakuiona. Raj ni mtoto wa pekee wa tajiri mkubwa, Bwana Nath. Alipokuwa mdogo wazazi hawakuwa na nafasi naye. Alilelewa na yaya, Bibi Braganza, halafu akapelekwa shule ya kulala. Anarudi kijana, wanamfanyia sikukuu ya kuzaliwa, matajiri wanajaa nyumbani, na yule yaya mzee anapokuja na zawadi yake hakuna anayemjali. Raj anamfuata kwake. Mlango unafunguliwa na msichana mwenye unga mikononi: ni Bobby, mjukuu wa yaya. Babaye, Jack Braganza, ni mvuvi, Mkristo wa Goa, mpenda kinywaji na kicheko. Vijana wanapendana. Baba zao wanagombana. Raj anachumbiwa kwa nguvu msichana mwingine, mtoto wa tajiri, ambaye akili yake haikukomaa, ili biashara za wazee hao ziungane. Vijana wanatoroka. Bwana Nath anatangaza zawadi ya feza kwa atakayemrudishia mwanawe, na kwa feza hiyo majambazi wanaingia katika mambo. Mwisho vijana wanajitupa mtoni, kwenye maporomoko ya maji, na baba wote wawili wanajitupa nyuma yao.

Raj Kapoor hakuwa mgeni wa habari hii. Mwaka 1951 alitoa "Awaara", iliyoandikwa na Khwaja Ahmad Abbas, mtu yuleyule aliyeshiriki kuandika "Bobby". Katika "Awaara" kuna jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi na mtoto wa mtu mwema ni mtu mwema, na imani hiyo inamharibia mwanawe mwenyewe. Jaji huyo alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba wa Raj Kapoor wa kweli. Katika "Bobby" kijana alichezwa na Rishi Kapoor, mtoto wa Raj Kapoor wa kweli, aliyefariki mwaka 2020. Kwa hiyo jamaa moja, babu mpaka mjukuu, ilishika swali moja zaidi ya miaka 20: damu inasema nini juu ya mtu? Swali hilo Ituri si la sinema.

Sasa tuje pale tulipotaka kufika. Kuna sehemu moja ya filme ambayo katika nyumba ya video ilileta makelele kuliko nyimbo zote, hata ule wa vijana wanaojiwazia wamefungiwa chumbani. Ni pale ambapo Raj anamleta Jack kwa babaye ili wazungumze habari za ndoa. Jack anaingia nyumba ya tajiri na furaha yake yote, bila kujua kinachomngoja.

Watu wa Bunia walishtuka kabla hata ya neno kutoka. "Baba ya binti anaenda yeye mwenyewe? Anaenda kutafuta nini kule?" Kwa sisi jambo hilo haliko. Ni upande wa kijana ndio unaotembea. Wanakuja mara ya kwanza na maneno ya mzunguko, wanasema wamepita tu kusalimia, wamesikia hapa kuna ua, kuna mtamba, kila kabila na mfano wake. Baba wa binti anakaa. Anaweza kujifanya hajasikia. Anaweza kuwaacha warudi mara tatu. Kukaa kwake ni heshima ya binti. Jack kwenda kwa Nath na miguu yake, machoni petu alikuwa amekwisha kumshusha Bobby bei kabla ya kupiga hodi.

Baadaye, tukiwa walimu, tulikuja kusoma kwamba India desturi iko kinyume na ya kwetu. Kule katika jamaa nyingi ni upande wa binti unaotafuta, na ni upande wa binti unaotoa mali kwa upande wa kijana, ingawa sheria ya India ilikataza mali hiyo tangu 1961. Bwana Nath, kwa hiyo, aliona mbele yake mtu anayetaka kumpa binti bila kitu, kumtia mkwe wake mfukoni kwa uzuri wa msichana tu. Ndivyo alivyomwambia usoni: umemtumia mtoto wako kumnasa mtoto wangu. Kisha akatoa feza, ili Jack azichukue na binti aachane na Raj.

Katika nyumba ya video, feza zilipoonekana, sauti zikatoka nyuma: "Ee, analipa mali!" Watu wakapiga makofi. Walidhani mahari imetoka. Haikupita dakika, uso wa Jack ukawaambia ukweli, na makofi yakafa. Feza zilezile, mkono uleule wa baba wa kijana ukizielekeza kwa baba wa binti, kama kwetu kabisa; kumbe zilikuwa za kuvunja, si za kuunga. Sisi hatujaona somo lingine la mahari lililo wazi kuliko makofi yale yaliyokatika. Wazungu waliandika zamani kwamba Mwafrika ananunua mke. Wazee wetu walijibu kwamba mali si bei. Lakini tofauti kati ya bei na mahari haionekani katika kitu kinachotolewa. Inaonekana katika njia iliyopitia na katika mdomo uliotangulia.

Na ndiyo sababu kuna mjumbe. Kwetu Nath na Jack hawangeonana siku ile. Mtu wa kati angekwenda: mjomba, mzee wa jirani, mtu asiye na haraka. Nath angemwambia yeye matusi yake, "siwezi kuungana na wavuvi", na mjumbe angefika kwa Jack akasema: wale wanafikiri bado. Uongo? Tuseme ni kuchuja. Hasira ya wazee inapita katika kichujio, na maneno yanayobaki yanaweza kumezwa. Jack naye, aliyemrudishia Nath matusi kwa kipimo kilekile mpaka wakapigiana kelele kama watu wa sokoni, angemtukana mjumbe nyumbani kwake, akanywa glasi moja, akalala.

Tazameni lakini kwamba mjumbe katika filme yuko. Ni Bibi Braganza. Anazijua nyumba zote mbili. Alimlisha Raj kwa mkono wake, na Jack ni wa nyumba yake. Kama kuna mtu ambaye pande zote zilimwia deni, ni huyo bibi. Lakini kwa Nath ni mtumishi, na mtumishi haombwi neno. Kwa maoni yetu hapo ndipo filme inapogusa utabaka kwa kweli, zaidi ya magari na nyumba kubwa. Tajiri amejikatia mwenyewe daraja, kwa sababu daraja lilivaa nguo za jikoni.

Neno moja juu ya umaskini wa Jack, kwa sababu wengi husema hii ni filme ya tajiri na maskini. Jack si maskini wa kuomba. Ana kazi, ana samaki, ana feza zake na hana aibu nazo. Sisi tunawajua watu wa namna hiyo huko Kasenyi na Tchomia: anatoka majini ananuka samaki na mfukoni ana feza zaidi ya mwalimu wa miezi sita. Kinachomkosa Jack ni jina. Kwetu, tangu 1973 ile tuliyoitaja, jina na mali viliachana njia. Waliopewa maduka ya wageni walipata mali kwanza, na jina wakalitafuta baadaye, mara nyingi kwa njia ya ndoa. Mwaka 1976 serikali ilianza kurudisha sehemu ya maduka hayo, na wengine wakabaki na jina bila mali. Akina Nath wetu hawana vizazi vingi.

Wengine watasema: mjumbe angali yuko. Yuko, lakini kazi yake imebadilika. Zamani mali ilikuwa ng'ombe kwa wafugaji, mbuzi na majembe kwa jamaa nyingine, na ilitolewa kidogo kidogo, miaka na miaka. Deni lenyewe lilikuwa kamba ya kuwaunganisha. Leo mjumbe anarudi na karatasi, na karatasi hiyo tunaiita fakitire, kama ya dukani: ng'ombe waliobadilishwa kuwa dola, koti la baba, vikwembe vya mama, masanduku ya bia, bidoni ya mafuta, taa. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 361, inadai jamaa mbili zipatane juu ya mahari, na sheria hiyohiyo ilitaka kuwe na kipimo kisichopitwa. Sheria ya 2016 iliirekebisha katika mambo mengi. Fakitire inaendelea kurefuka. Kijana asiye na kitu anafanya kama Raj, anatoroka na binti, na baadaye wazee wanakuja kudai faini juu ya mahari. (Na tusisahau kwamba kwa sheria yetu ndoa ni miaka 18. Dimple Kapadia, aliyecheza Bobby, alikuwa na 16 filme ilipotoka, na alikuwa amekwisha kuolewa na mchezaji mkubwa Rajesh Khanna. Wanafunzi wetu wa kike tukiwaambia hayo, huwa wanauliza mbona hiyo haikutiwa katika filme.)

Tumesema swali la damu kwetu si la sinema. Vita vilianza wilayani Djugu katikati ya 1999, vikafika Bunia, na mwezi wa 5 mwaka 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, mji uliungua mpaka askari wa Ulaya wa Artémis walipofika mwezi wa 6. Umoja wa Mataifa ulitaja wafu 50,000. Katika hesabu hiyo hakuna safu ya ndoa. Lakini kila mtu wa hapa anajua nyumba ambamo mume alikuwa wa huku na mke wa kule, Hema na Lendu, ndoa za amani, zilizopitia mjumbe na mali na misa, na ambamo siku moja mama aliambiwa arudi kwao, au watoto waliulizwa barabarani wao ni wa nani. Baba wa "Awaara" na imani yake ya damu alipita hapa na silaha mkononi. Na tangu mwisho wa 2017 vijiji vya Djugu vimeungua tena.

Ndiyo maana mwisho wa "Bobby", ambao waandishi wengine wanauona wa rahisi, sisi hatuuoni hivyo. Vijana wako majini. Baba wawili wanaruka. Maji yana nguvu, hakuna kuchagua, kila mmoja anashika anayeweza kumfikia: Nath anamtoa Bobby, Jack anamtoa Raj. Wanatoka kila mmoja na mtoto wa mwenzake mikononi. Katika nyumba ile ya video, mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele, mtu wa maneno machache, aliuliza kwa sauti: "Na sasa mali, nani atamulipa nani?" Tulicheka sana. Hatukujua kwamba tutakuja kusikia swali lile katika kikao cha kweli.

Ilikuwa mwaka 2005, katika kwartie moja ya hapa Bunia. Tuliitwa kuandika, kwa sababu mwalimu huitwa kuandika. Mume na mke walitenganishwa na vita, kila mmoja akakimbilia kwa watu wake. Bibi akakimbia na watoto wa kwake, na mtoto mkubwa wa mume, wa mama mwingine, akabaki njiani naye. Babaye bibi alimficha mtoto huyo miezi mingi pamoja na wajukuu wake, na huyo si damu yake. Sasa mume alitaka mke wake arudi. Mahari ilikuwa bado haijaisha: kwa ng'ombe watano walikuwa wametolewa watatu, na wale watatu waliporwa na watu wenye silaha. Mjumbe wa zamani alikuwa amekufa, ikabidi atafutwe mwingine, na kumpata mtu ambaye pande zote zitamsikia kulichukua majuma mengi. Hatimaye alikubali mama mmoja mzee, mwuza mboga, jirani wa wote kabla ya vita. Kuna wanaume waliosema mwanamke hawezi kuwa mjumbe. Babaye bibi akasema yeye atamsikia huyo tu.

Mama yule alikwenda na kurudi mara nne. Tulichoandika siku ya mwisho ni mistari michache. Ng'ombe waliopotea wamepotea, hakuna atakayewadai. Upande wa mume ulete mbuzi mmoja na kikwembe cha mama. Babaye bibi akaulizwa kama anataka kitu kwa ajili ya kulisha mtoto wa watu miezi ile yote. Akasema liandikwe hapana. Juu ya ng'ombe wawili waliobaki hakuna aliyetaka wafutwe, wala upande wa mume. Bado wako katika daftari.